Mzingile wa Mahindi

Juni, mahindi yakiwa kimo cha goti,
Torkild huingia shambani na karatasi ya miraba,
akafyeka, akapinda, akafyeka,
na kufikia Agosti watu wanatulipa kroni themanini
ili wapotee.

Si mahindi ya kuchoma. Si ya unga.
Ni ya ng'ombe wa huku Jutland,
ambao hawatajua kamwe
kwamba walichotafuna Januari
kiliwahi kuwa fumbo.

Mimi hukaa langoni na sanduku la fedha.
Nimewaona wote.

Wa mkono wa kulia
hugusa ukuta wa majani pale pale mlangoni
na hawauachi, hata ukiwarudisha walikotoka.
Huchelewa, lakini hufika.
Torkild kawajua. Mwaka huu mnara kauweka kisiwani,
ukuta wake haushikani na ukuta wa nje,
basi mkono wa kulia unawazungusha
mpaka hapa kwangu, matope hadi magotini,
kama barua iliyokosa anwani.

Eskild, miaka tisa, alikuja na mfuko wa maharage.
Njia uliyoipita, harage moja.
Ukirudi nayo, la pili.
Yenye mawili imekufa, usiitie mguu.
Alinieleza hayo kwa sauti ya daktari wa meno.
Njiwa wakamla nusu ya hesabu yake.
Alitoka jioni, amenuna:
"Njiwa hawafuati kanuni."

Baba mmoja alikuwa na picha ya angani kwenye simu.
Kutoka juu shamba letu ni bata bukini, ametanua mbawa.
Alipotelea shingoni
akibishana na mkewe shingo ni ipi.

Na Bi Ragnhild, mpima ardhi mstaafu.
Miaka kumi na mmoja, kila mwaka mbinu mpya.
Mwaka wa penseli alikaa kwanza kwenye benchi
akazipaka weusi njia zisizopenya, moja baada ya moja,
hadi ikabaki moja tu, nyeupe kama mshono.
Mwaka wa sarafu ulimchukua saa tano.
Mwaka wa upepo sitaki kuusema.

Jumamosi ya mwisho, saa ya kufunga, hakutoka.
Nikachukua tochi, nikaingia.

Ndipo nilipogundua:
kwa miaka yote hiyo sikuwahi kupita lile lango.
Nilipinda kulia kwa kuwa nimewaona wengine wakipinda.
Majani yalikwaruza masikio. Nilihesabu kona, zikanipotea.
Nikaita. Akaitika
karibu kabisa, nyuma ya ukuta mmoja wa mabua,
ningeweza kuupasua kwa bega,
ila kibao USIVUNJE UKUTA
nilikiandika mwenyewe.

"Umepotea?"
"Hapana. Nimekaa."
Alikuwa anakula mkate mweusi, nilisikia karatasi.
"Nilizipaka weusi bila hata kuzikanyaga," alisema.
"Nikaona nije nikae katika moja."
Kimya. Kisha:
"Na wewe unatoka vipi?"

Sikuwa na jibu. Nikaketi upande wangu.
Akanipitishia kipande cha mkate chini, kati ya mashina.

Torkild alitupata saa nne usiku
na hakusema alitumia mbinu gani.

Jumatatu ilikuja mashine ya kuvuna.
Hiyo haijui kulia wala kushoto,
mstari kwa mstari, bata bukini akaanzia mkiani kuisha,
na kufikia adhuhuri uliweza kuona kanisa,
barabara, nguo za jirani kambani.
Kutoka kiti changu hadi mnara:
hatua mia moja na arobaini. Nilizipima.

Njiani, palipokuwa njia panda,
harage moja la Eskild limeota,
majani mawili, mepesi, yamefunguka
baridi ikiwa mlangoni.
Nililisimamia kwa muda.
Kisha nikalipita kwa kushoto.